Tumbo Linalojaa na Jicho la Shemeji Peres

Bi. Kanyiva, pokea salamu za mtu asiye na raha.

Naandika barua hii nimesimama kwenye meza ya Posta Kuu hapa Kenyatta Avenue, saa ya chakula cha mchana, kwa sababu nikikaa tumbo linanibana na nikitembea linanguruma mpaka watu wanageuka, kwa hivyo nimeona afadhali nisimame niandike kwa kalamu hii yao iliyofungwa kamba, nawe nakuomba unisome mpaka mwisho hata kama mambo yenyewe ni ya aibu, kwa maana nimeshaomba msaada kila mahali na sasa umebaki wewe wa gazetini.

Naitwa Were, ni mwanamume wa miaka arobaini na mmoja, kwetu ni Kimilili, na kazi yangu ni kukata nguo za shule katika duka la Bwana Rasiklal pale Biashara Street. Naishi Mountain View, nyumba ya uani ya vyumba viwili, pamoja na mke wangu Lornah, watoto wetu watatu, wa kwanza akiwa Nekesa, na shemeji yangu Peres, mjane wa marehemu kaka yangu, ambaye huuza mboga za kienyeji sokoni Kangemi, na jioni ndiye anayetupikia kwa sababu Lornah hufanya kazi ya nyumba kwa watu huko Kileleshwa na hufika akiwa amechoka sana.

Shida yangu ni tumbo. Asubuhi naamka limelala kama la mtu yeyote, lakini nikishakunywa chai ya maziwa linaanza kuinuka, na ikifika jioni limekaza kama ngoma, hata mkanda niliouvaa asubuhi haufungi tena, na ndani kunanguruma na kuchemka, kisha naharisha, na choo chenyewe, nisamehe Bi. Kanyiva, kina mafuta na kinaelea, hakishuki hata ukimwaga ndoo nzima ya maji. Kule dukani choo ni kimoja na ufunguo anao Bwana Rasiklal mwenyewe, kwa hivyo kila mara inanibidi nimwendee mbele ya wateja nimwombe, mpaka siku moja akaniambia, "Were, wewe naenda choo sana. Mimi hapana kasirika, lakini wewe iko gonjwa, ona dokta," na mkewe Mama Indu akanifungia mbegu fulani za viungo vyao kwenye karatasi nitafune, nikatafuna, upepo ukapungua siku hiyo moja tu.

Nimekonda, suruali nimezipunguza kwa mkono wangu mwenyewe kisha jioni zinakuwa ndogo, sijui nikate kwa kipimo gani. Nimezunguka kliniki za River Road, huyu anasema minyoo, yule anasema asidi, dawa ya minyoo nimemeza na ile dawa nyeupe kama chokaa nimekunywa chupa baada ya chupa, na sasa hata nyayo zimeanza kufa ganzi, nikikanyaga sakafu nahisi kama nimevaa soksi na kumbe sijavaa.

Sasa nakuja kwa jambo linaloninyima usingizi. Kwetu husemwa kwamba kuna watu wenye jicho, yaani mtu akikutazama ukila, chakula kinakaa tumboni kama mawe na hakitoki mpaka apatikane wa kukitoa. Lornah amesema Peres ni mmoja wao. Mimi nilikuwa nacheka, lakini mwezi wa kumi mwaka jana Peres alienda Kimilili kwa mazishi ya shangazi yake, akakaa huko karibu majuma mawili, na majuma hayo, Bi. Kanyiva, tumbo langu lilinyamaza, mkanda ukafunga, nikala maharagwe nikalala kama mtoto, ingawa mwanzoni mwa siku hizo nilikuwa na taabu nyingine ya jino lililooza, likang'olewa nikapewa vidonge vya kukausha usaha, lakini tumbo lenyewe lilikuwa shwari. Peres akarudi, na haikupita muda tumbo nalo likarudi. Lornah akaniambia, "Baba Nekesa, sasa unataka ushahidi gani?" Nikamwambia mbona hata mandazi ya hotelini yananivimbisha, akasema jicho likishaingia halichagui chakula cha nani.

Tangu siku hiyo watoto wamekatazwa kula kutoka mkononi mwa Peres, na Lornah anapika sufuria yake kando. Mimi bado Peres ananiletea sahani, naipokea kwa sababu naona haya, kisha nazunguka nyuma ya nyumba namwagia mbwa wa mwenye ploti tunayopanga. Na huyu Peres ndiye aliyeniuguza mwaka wa 1983 nilipopasuliwa kwa ajili ya vidonda vya tumbo vilivyokuwa vinavuja damu, wakanikata sehemu ya tumbo, Lornah alikuwa mjamzito hawezi kuja hospitali kila siku, ni Peres aliyekuwa akininywesha uji kwa kijiko.

Mwisho wa mwezi huu mjomba wa Lornah analeta mzee mmoja kutoka Kawangware ambaye huchanja tumbo kwa wembe na kufyonza kwa pembe, na amesema Peres lazima awepo, akubali mbele yetu, ateme mate kwenye maji nami niyanywe. Akikubali itabidi atoke kwangu, na habari itafika nyumbani kabla yake, na kwetu jicho husemwa linatoka kwa mama kwenda kwa binti, naye ana binti mmoja tu, Namalwa, yuko kidato cha tatu, nani atamposa? Peres hajaambiwa lolote lakini nadhani anajua, kwa sababu Jumapili alinikuta uani akaniuliza, "Shemeji, nimekukosea?" Nikamjibu, "Hapana, ni tumbo tu." Akasema, "Na hilo tumbo, siku hizi limepewa jina la nani?" Sikuweza kumwangalia.

Lornah ameapa kwamba nikimkataza mzee atachukua watoto aende kwao. Nimwache mzee aje ili nipone, au nimkatae nife na tumbo langu? Nijibu haraka, mama, sina pa kusimama.

Ni mimi Were, mkataji nguo, Mountain View.

*

Were, kwanza keti. Najua umesema ukiketi linabana. Legeza mkanda, uketi, na majina yenu yote nimeyabadilisha kwa hiyo usiogope gazeti.

Nakuonea huruma, na pia nimekukasirikia, na nitakupa vyote viwili.

Kabla ya kushika kalamu nilikuwa muuguzi wa wodi miaka mingi, na nilipomaliza kusoma barua yako sikuijibu. Niliichukua nikaenda nayo Parklands kwa Daktari Nasim, mama mmoja ambaye kazi yake ni matumbo. Aliisoma akiwa amesimama pia, maana wagonjwa walikuwa wamejaa barazani, na akaweka kidole mahali pawili ulipopita mbio kama mtu aliyeona nyoka: pale uliposema ulipasuliwa, na pale uliposema ulipewa vidonge vya jino. Akaniuliza, "Huyu mtu, katika kliniki zote hizo, kuna aliyemfunua shati?" Nikamwambia haionekani. Akatikisa kichwa.

Sasa sikiliza. Ndani ya matumbo yetu sote kuna vijidudu, bakteria, na wengi wao si maadui. Nyumbani kwao ni utumbo mpana kule chini, wanaishi huko kwa mamilioni na wanatusaidia. Utumbo mwembamba, ule mrefu unaopokea chakula kikitoka tumboni, huo ndio mahali mwili unapochukua chakula chake, na huko bakteria wanatakiwa wawe wachache sana. Asidi ya tumbo huwaua njiani, na chakula kikisonga huwafagia kwenda chini. Wewe ulikatwa sehemu ya tumbo, asidi ikapungua. Tena katika kuunganisha, kulibaki kipande cha utumbo ambacho chakula hakipiti, kama kichochoro kilichozibwa upande mmoja. Madaktari hawakukukosea. Operesheni hiyo ndivyo ilivyofanywa, na bila hiyo nisingekuwa na mtu wa kumgombeza leo. Lakini wewe unakaa Nairobi, unajua kichochoro kisichopitwa na mtu hujaa nini.

Na wewe ni mtu wa Kimilili, sihitaji kukufundisha pombe ya busaa inavyopatikana kwa kuchachusha unga. Maharagwe yako, maziwa yako na sukari ya chai vinakutana na hao bakteria kabla mwili haujavichukua, na vinachachuka humo humo. Kitu kikichachuka kinatoa hewa. Hiyo ndiyo ngoma yako ya jioni, na asubuhi limelala kwa sababu usiku kucha hukulipa cha kuchachua. Mafuta nayo hayachukuliwi na mwili, ndiyo maana choo kinaelea. Halafu kuna vitamini moja inayolinda mishipa ya fahamu. Tumbo lililokatwa huipokea kwa taabu, na hicho kidogo kinachopita bakteria wanakinyakua kabla yako. Hizo soksi unazohisi na hujavaa, Were, ndizo zilizonitisha mimi kuliko upepo wako wote. Ganzi ikiachwa muda mrefu haiondoki tena.

Na yale majuma mawili ya raha? Vidonge vya usaha wa jino vinaua bakteria. Vilipofika utumboni havikuuliza hawa ni wa jino au ni wa wapi. Vilipokwisha, waliobaki wakazaana upya. Peres alikuwa akizika shangazi yake, maskini, hana habari kwamba anapimwa.

Hiyo ni huruma yangu. Sasa hasira.

Umeingia kliniki baada ya kliniki na naona hukumwambia hata mmoja kwamba ulipasuliwa. Ulidhani kovu ni la nani? Umekaa kimya mkeo akitoa hukumu, na kimya cha mwenye nyumba ni ndiyo. Umepokea sahani kwa mikono miwili kutoka kwa mwanamke aliyekulisha kwa kijiko, ukaenda kuimwaga. Lornah simlaumu sana. Anaogopa kubaki mjane kama Peres, na mtu mwenye hofu hushika kamba iliyo karibu. Wewe ndiye uliyekuwa na habari zote mfukoni ukazinyamazia.

Fanya hivi. Kesho omba ruhusa kwa Bwana Rasiklal, ambaye naona ana akili kukushinda, uende Parklands. Daktari Nasim anakungoja. Vua shati kabla hujaulizwa, mwonyeshe kovu, mwambie habari ya jino na ya nyayo. Usiende duka la dawa kununua vile vidonge kwa kukisia. Vidonge vya namna hiyo vikimezwa ovyo huwafundisha bakteria ukaidi, na ganzi yako haitatibiwa navyo peke yake. Maziwa na maharagwe yapunguze kwa sasa. Mzee wa Kawangware mkatalie wewe mwenyewe kwa mdomo wako, si kwa kumtuma mtoto. Wembe juu ya tumbo lililowahi kupasuliwa ni kuitafuta mauti, na maji yenye mate usiyanywe.

Na leo jioni Peres akileta sahani, keti mezani, watoto wakikuona, ule. Tumbo litajaa. Liache lijae.

*

Septemba, mwaka huohuo

Bi. Kanyiva, ni mimi Were wa tumbo. Sikuandika mapema kwa sababu mambo hayakuwa yamekwisha, na hata sasa sijui kama yamekwisha, lakini naona ni haki yako kujua.

Gazeti nililisoma uani kwa sauti, Lornah akisikiliza akichambua mchele, nilipomaliza akasema, "Gazeti litajuaje mambo ya jicho." Basi. Mzee alikuja Jumamosi na pembe zake kwenye mfuko wa turubai, pamoja na mjomba, nikawakuta langoni, nikamwambia mzee, "Baba, pole kwa safari, lakini mimi sitachanjwa." Mjomba akaniuliza kama nimeanza kutawaliwa na wanawake wa magazeti. Lornah aliingia ndani akafunga mlango. Nikageuka nikamwona Peres amesimama karibu na bomba na beseni lake la mboga, amesikia kila neno, akanijia akasema mbele yao wote, bila kupandisha sauti, "Shemeji, mvua imekaribia, naenda Kimilili kupanda. Sifukuzwi na mtu. Nataka ukae bila mimi, tuone hilo tumbo litasema nini." Wiki hiyo akaondoka. Namalwa alikuwa shuleni.

Nami wiki hiyohiyo nikaenda Parklands. Daktari Nasim alipitisha kidole kwenye kovu langu kutoka juu mpaka chini kama mtu anayesoma, nikapigwa picha ya utumbo baada ya kunywa uji mweupe mzito, nikatolewa damu, nikapewa vidonge, na nikaanza kudungwa sindano za ile vitamini ya mishipa, nyekundu kama juisi. Aliniambia wazi kwamba kichochoro bado kipo na bakteria wanaweza kurudi. Ilipofika Pasaka mkanda ulikuwa unafunga asubuhi na jioni, mashavu yalikuwa yameanza kurudi, na Bwana Rasiklal akanitania, "Were, sasa wewe nasahau choo iko wapi."

Ungedhani nilitulia. Sikutulia hata kidogo. Kwa maana Lornah, bila hasira, wakati wa chakula alisema tu, "Mimi nilisema. Ametoka, umepona." Nikamkumbusha vidonge. Akajibu, "Vidonge na safari yake vilikuja wiki moja. Wewe utajuaje kilichokuponya ni kipi?" Na ni kweli, Bi. Kanyiva, vilikuja pamoja. Kila siku niliyoamka na afya ilikuwa kama nimesimama kizimbani kumshitaki Peres. Mjomba alikuwa ameshaufikisha uvumi Kimilili, tukasikia jirani zake wanawaita watoto wao ndani akipita wakati wa kula. Likizo ya Aprili Namalwa alipitia kwetu akielekea kwa mama yake, nikamsindikiza mpaka stendi, na tukingoja basi akaniuliza, "Baba mdogo, kwani mimi pia niko nalo?" Nilichelewa kujibu, na aliona nimechelewa. Basi likaja.

Kisha mwezi wa saba, jioni moja, Lornah alikuwa amepika githeri, mahindi na maharagwe, kwa mkono wake, kwenye sufuria yake, na Peres alikuwa Kimilili tangu mwezi wa tatu. Nilikula. Tumbo likaanza. Kwanza mngurumo, halafu likapanda, likapanda mpaka nikafungua mkanda. Nitakwambia ukweli ambao sijamwambia mtu: nilifurahi. Nilikaa pale nimevimba nikaona nimefunguliwa kamba. Nikamwita Lornah, nikachukua mkono wake nikauweka tumboni.

"Limerudi?" akauliza.

"Limerudi."

"Tangu lini?"

"Tangu nilipomaliza kula. Linazidi kupanda. Githeri ni yako, Lornah. Na Kimilili ni mbali."

Akatoa mkono wake. Alikwenda kwenye bomba akaosha sufuria moja muda mrefu, ikang'aa, bado anaiosha. Aliporudi alisema, "Kesho nenda kwa daktari." Nikasema nitakwenda. Akasema, "Kimilili nitakwenda mimi."

Nikarudia vidonge, tumbo likatulia tena kama daktari alivyosema. Lornah aliomba ruhusa Kileleshwa mwezi wa nane akapanda basi. Yaliyopita kati yao huko siyajui. Aliniambia tu kwamba alimkuta Peres akipura maharagwe, akachukua fimbo naye akaanza kupura, wakapura mpaka siku ya pili ndipo wakaongea. Walirudi pamoja na gunia la maharagwe, ambayo mimi sitayala sana.

Jioni ya kwanza Peres alipika. Watoto walimtazama Lornah, Lornah akawapa sahani zao, wakala. Peres alipomaliza kupakua alichukua kigoda chake akaenda kukaa nacho kwenye kona, ametuonyesha mgongo, anatazama ukuta, sahani magotini. Nadhani ndivyo alivyokuwa amezoea kukaa huko nyumbani miezi yote hiyo, watu wasiseme amewaangalia wakila. Ndipo Lornah akainuka, akashika kigoda kwa mikono miwili na Peres juu yake, akakigeuza, kikakwaruza sakafu, mpaka Peres akatuelekea sisi na meza. Akamwambia, "Mama Namalwa, tutazame."

Swali langu moja limebaki. Daktari anasema sindano ni za maisha, na vidonge huenda nikavirudia kila mara tumbo litakaporudi. Nyayo zimepona nusu. Je, nikiona niko sawa kabisa siwezi kupumzika nazo?

Were

*

Huwezi. Sindano ni za maisha maana yake ni za maisha, hata siku utakapohisi kila chembe ya mchanga chini ya nyayo. Vidonge ni kwa amri ya Daktari Nasim, tumbo likirudi urudi kwake siku hiyohiyo, usikae nalo ukilifurahia tena. Lornah mpe shukrani zangu. Kwenda Kimilili hakukuwa rahisi.

Lakini katika barua yako yote kuna mtu mmoja ambaye bado anangoja. Ulimsindikiza Namalwa stendi, akakuuliza, ukachelewa. Usingoje afunge shule. Siku ya wazazi kutembelea ikifika, vaa suruali inayokutosha, mchukue Peres, mwende wote wawili, na umjibu ukimwangalia machoni.